Kurasa za intaneti zinazowafungia nje vipofu wa Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lenu habari ndefu kuhusu ofisi na shule za Lubumbashi zinazohamishia matangazo na fomu zao kwenye intaneti. Nasema nimesoma, kwa maana habari hiyo niliifungua mwenyewe kwenye kompyuta yangu na kuisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, ingawa sina macho tangu utotoni. Mwandishi wenu alitutaja sisi tusioona katika sentensi moja, akasema kwamba huduma hizo mpya zitatufikia siku watakapopatikana wafadhili wa kutununulia mitambo maalumu. Alikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini alilolisema si kweli, na likiachwa lienee litawapa wakubwa wa ofisi kisingizio cha kukaa wakingoja wafadhili, ilhali kazi inayotakiwa iko mikononi mwao na mwa vijana wanaowatengenezea tovuti.

Mitambo maalumu hatuihitaji. Kompyuta ninayotumia ni ileile inayouzwa kwa kila mtu mjini, imetumika Ulaya kabla ya kufika huku kama nyingi za hapa, na haina kifaa cha ziada isipokuwa visikilizio. Kinachonisomea ni programu, yaani kisoma skrini, ambayo hupokea maandishi ya ukurasa kutoka kwa kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na kuyatamka kwa sauti. Wengi hudhani kwamba programu hiyo inautazama ukurasa kama jicho linavyoutazama, na hapo ndipo wanapopotea. Kivinjari, kiwe Firefox, Chrome au Edge, kikishapokea ukurasa hujiwekea ndani yake orodha ya vitu vyote vilivyomo, pamoja na aina ya kila kimoja: hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kiungo, hiki ni kisanduku cha kuandikia, hii ni picha na maelezo yake ni haya. Orodha hiyo ndiyo inayokabidhiwa kisoma skrini. Aliyeutengeneza ukurasa akitambulisha kichwa cha habari kuwa ni kichwa, kivinjari nacho kitajua hivyo; akiandika maneno ya kawaida kisha akayakuza na kuyakoleza wino tu, mwenye macho ataona kichwa, lakini mimi nitayasikia yakipita kama maneno mengine yoyote.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kukaa karibu na kipofu anapofanya kazi, naomba nieleze kidogo jinsi mambo yanavyokwenda. Kipanya sikigusi. Ukurasa ukifunguka sisikilizi kila kitu kuanzia juu, kwa kuwa huko juu kuna menyu, matangazo ya biashara na viungo vingi visivyonihusu. Ninabonyeza herufi H, na sauti inaruka hadi kwenye kichwa cha kwanza na kukitaja pamoja na ngazi yake, yaani kama ni kichwa kikuu au kilicho chini yake. Nikibonyeza tena, inakwenda kwenye kinachofuata. Nikitaka vichwa vya ngazi ya pili peke yake, ninabonyeza tarakimu 2. Herufi K hunipeleka kwenye viungo, F kwenye sehemu za kujazwa, B kwenye vitufe, T kwenye majedwali. Nikiingia katika jedwali ninashika Control na Alt pamoja na mishale, ninatembea kutoka chumba hadi chumba, na kila ninapohamia safu nyingine ninaambiwa jina la safu hiyo, mradi mtengenezaji aliliandika. Nikifika kwenye kisanduku cha fomu, nasikia mlio mfupi unaonijulisha kwamba herufi zimeacha kuwa amri na sasa zinaandika. Sauti yenyewe naiendesha kwa kasi ambayo watu wa nyumbani kwangu wanasema ni ya kuku waliomwagiwa mahindi, na kwa kasi hiyo nadhani ninalimaliza gazeti lenu kabla ya msomaji mwenye macho aliyeanza pamoja nami.

Bei ilikuwa kikwazo zamani. Programu ya JAWS, iliyoanzishwa na Mmarekani Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1989, na hadi leo ni programu nzuri sana, lakini gharama yake haiendani na mishahara ya Kongo. Mwaka 2006 kijana mmoja wa Australia, Michael Curran, naye asiyeona, alianza kuandika programu nyingine inayoitwa NVDA, akaungana na James Teh, kipofu mwenzake, na wawili hao wakaamua kwamba watu wataipata bure. Hiyo ndiyo ninayotumia. Inakubali hata kukaa kwenye flashi bila kusakinishwa, kwa hiyo ninaweza kuingia katika saiba, yaani duka la intaneti, lolote katika mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya, nikachomeka flashi yangu, na baada ya muda mfupi mashine ya mwenye saiba ikaanza kuzungumza nami Kifaransa. Wenye saiba hushtuka. Mmoja aliniuliza, «Papa, sasa utaona namna gani?» na kabla sijamjibu ukurasa ulikuwa umeshafunguka na ninausoma.

Hata wale ambao hawajawahi kulisikia jina la programu hizi wanazo mifukoni. Simu za iPhone zina VoiceOver tangu mwaka 2009, na mwaka huohuo TalkBack ilianza kuingia katika simu za Android, ambazo ndizo nyingi katika masoko yetu. Msomaji mwenye simu ya Android akifungua mipangilio yake, mahali palipoandikwa «Accessibilité», kwa kawaida ataikuta humo ikingoja. (Asiiwashe kabla ya kujifunza namna ya kuizima, kwa sababu ikishawaka simu hutaka kuguswa mara mbili pale ilipozoea kuguswa mara moja, na nimeshaletewa simu kadhaa na watu wazima waliodhani kwamba zimerogwa.)

Sisemi kwamba kila kikwazo kinatoka kwa wenye tovuti. Umeme unakatika kwetu kama unavyokatika kwa jirani, ingawa katika hilo tuna nafuu yetu ndogo, kwa kuwa ninaweza kushusha mwanga wa skrini hadi mwisho na betri ikadumu zaidi. Mashine nyingi za saiba bado zina Windows 7, ambayo matoleo mapya ya NVDA yaliacha kuikubali mwaka 2024, na Chrome ilikuwa imeshaiacha mwaka mmoja kabla. Wakati mwingine watengenezaji wa vivinjari wenyewe hutuvuruga: Firefox ilipobadilishwa sana mwezi Novemba 2017, katika toleo lake la 57, wenye macho waliisifu kwa wepesi, huku sisi tukiikuta nzito kiasi kwamba watumiaji wa visoma skrini walishauriwa kubaki kwenye toleo la zamani la 52 hadi mambo yalipotengenezwa. Yakatengenezwa kweli. Mambo hayo yana wenyewe wanaoyashughulikia, na sitayarudia.

Yasiyo na wa kuyashughulikia ni ya kurasa zetu wenyewe, zinazotengenezwa hapa Lubumbashi kwa ajili ya watu wa Lubumbashi. Kuna kwanza vitu visivyo na majina. Mtengenezaji anaweka alama ya bahasha mahali pa kutuma na alama ya pipa mahali pa kufuta, na kwa mwenye macho alama hizo zinatosha. Kisoma skrini kinatafuta jina lililoandikwa nyuma ya alama, na kisipolipata kinasema «kitufe», kisha «kitufe», kisha «kitufe». Kimoja kati ya hivyo kinatuma maombi yako ya kazi na kingine kinayafuta. Fomu nazo zina ugonjwa huohuo. Katika tovuti ya ofisi moja ya hapa, ambayo haina haja ya kutajwa, jina la kila kisanduku limechorwa juu yake bila kufungamanishwa nacho, hivyo ninachosikia ni neno moja tu la kwamba hapa panaandikwa, bila kuambiwa kitu gani kinaandikwa. Wasomaji wanajua kwamba Mkongomani ana jina, ana postnom (jina linalofuata hilo) na ana prénom (jina la mbele), na fomu zetu zinaviuliza vyote vitatu katika visanduku vinavyofuatana. Kimoja kikikosewa, cheti kinatoka kwa jina la mtu ambaye hajazaliwa.

Mwisho wa fomu mara nyingi kuna mtihani wa kuthibitisha kwamba mtu si roboti: chagua picha zote zenye taa za barabarani. Hapo safari yangu inaishia, isipokuwa kama wameweka pia mtihani wa kusikiliza, ambao wakati mwingine huja kwa Kiingereza na makelele yaliyowekwa makusudi. Ndipo anapotokea mtu mwema aliyeketi jirani na kusema, «Papa, leta telefone nikusomee.» Watu wa mji huu ni wema na sina la kuwalaumu. Lakini fikirini, Bwana Mhariri, maana ya kumkabidhi mtu usiyemfahamu simu iliyofunguliwa kwenye akaunti yako ya fedha, au ukurasa wenye majibu yako ya hospitali, au barua ambayo hukutaka hata ndugu zako waijue. Mtu mwenye macho hajawahi kutakiwa kulipa bei hiyo ili abonyeze kitufe kimoja. Kipofu anatakiwa kuilipa kila mara, na kwa sababu tu kijana mmoja hakuandika neno «tuma» mahali ambapo lingemchukua nukta chache kuliandika.

Hata hivyo, kinachotuumiza zaidi hapa kwetu ni picha za maandishi. Tangazo la ofisi linaandikwa kwenye kompyuta, na saa hiyo lingali maandishi ambayo ningeweza kuyasoma bila taabu yoyote. Kisha linachapwa, linatiwa sahihi, linapigwa muhuri, linabandikwa kwenye valve, yaani ubao wa matangazo, na hapo anakuja mtu na simu, analipiga picha, na picha hiyo ndiyo inayopandishwa kwenye tovuti na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp. Kisoma skrini kikiifikia kinatamka «picha», na pengine jina la faili lililotungwa na simu, mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana. Ikiwa ni PDF iliyotokana na skana, naambiwa kwamba hati haina kitu. Nafasi za kazi, tarehe za kujiandikisha, orodha za waliopokelewa, bei mpya, mabadiliko ya ratiba: yote hayo yananifikia kama neno moja, picha.

Najua watakaojibu kwamba siku hizi kompyuta zinasoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Ni kweli, na hata NVDA ina amri hiyo tangu mwaka 2017 kwa wenye Windows 10. Naitumia, naishukuru, na kwa barua iliyonyooka yenye wino mzuri inafanya kazi ya kuridhisha. Lakini hebu waisikilize inapokutana na orodha ya matokeo. Mwanafunzi mmoja asiyeona, ambaye ninamfundisha kompyuta nyakati za jioni, alitumiwa picha ya orodha ya darasa lake baada ya jopo la walimu kukaa. Programu iliyasoma kwanza majina yote, kutoka juu hadi chini, kisha ikarudi juu na kuzisoma asilimia zote, kwa kuwa mistari ya jedwali ilikuwa imefifia na haikujua kwamba hiki kinakwenda na kile. Tungeweza kuhesabu, jina la ngapi na asilimia ya ngapi, na ndivyo tulivyofanya. Ila muhuri wa shule ulikuwa umepigwa katikati ya orodha na kuifunika asilimia moja, kwa hiyo kuanzia hapo kwenda chini kila mtu alikuwa amepewa alama za anayemfuata, na wa mwisho alibaki bila kitu. Kijana huyo alikuwa katika nusu ya chini. Alilala bila kujua kama amepita, akaja kusomewa kesho yake na mwenzake mbele ya wengine. Orodha hiyohiyo, kama ingewekwa kwenye ukurasa kama jedwali, angetafuta jina lake, akabonyeza mshale wa kulia, na jambo likaisha.

Nimeshaambiwa pia kwamba muhuri na sahihi ni lazima vionekane, vinginevyo watu watasema tangazo ni la uongo. Hoja hiyo naikubali, hasa katika mji ambamo matangazo ya uongo yanakimbia kuliko ya kweli. Basi na viwekwe vyote viwili: maandishi kwenye ukurasa, na chini yake picha yenye muhuri kwa anayetaka kuhakikisha. Hapo kila msomaji anafaidika, hata mwenye macho, kwa sababu ukurasa wa maandishi wenye herufi elfu tatu una uzito wa kilobaiti tatu hivi, wakati picha ya ukurasa huohuo ikifika megabaiti moja imeshauzidi zaidi ya mara mia tatu. Sisi sote tunanunua mega kwa faranga zetu, na sijui kwa nini mtu alipe mara mia tatu ili aone muhuri ambao hakuuomba.

Kuna jambo jingine dogo, ambalo watengenezaji wengi hawalijui kabisa, nalo ni kuitaja lugha ya ukurasa. Katika msimbo wa kila ukurasa, yaani maagizo yanayoujenga, kuna mahali pa kuandika herufi mbili zinazosema maandishi haya ni ya lugha gani: fr kwa Kifaransa, sw kwa Kiswahili. Kisoma skrini kikizikuta hubadilisha sauti chenyewe. Sauti ya Kiswahili iliyomo ndani ya NVDA, iitwayo eSpeak NG, si tamu, lakini inatamka kila silabi mahali pake. Na kwenye simu za Android kuna sauti ya Google iliyo laini zaidi. Tatizo ni kwamba vijana wetu huchukua violezo vilivyotengenezwa Ulaya na Marekani, wakabadilisha rangi na picha, wakaacha herufi zile mbili kama walivyozikuta. Hapo Kiswahili chetu kinasomwa na sauti ya Kifaransa. «Wote» na «wanawake» wanakatwa irabu ya mwisho, «shule» inabana midomo na kupoteza mkia, «simba» anatokea puani, na «habari» inabaki «abari», jambo ambalo katika mitaa yetu, nakiri, si wengi watakaoona tofauti. Kwa sentensi moja mtu anaweza kucheka. Kwa habari ya kurasa mbili ni kazi ngumu ya kufumbua mafumbo, na tovuti ya gazeti lenu, Bwana Mhariri, linalojivunia kuandikwa kwa Kiswahili, imeandikwa fr kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Wanaodhani kwamba ninadai mambo mapya, au mambo ya gharama zisizobebeka, watazame yaliyotokea Australia zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mwaka 1999 kipofu mmoja, Bruce Maguire, alipeleka malalamiko katika tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo dhidi ya kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Madai yake yalikuwa matatu, na yote yangeweza kuandikwa leo kutoka Katuba, mtaa ninaoishi: picha za tovuti hazikuwa na maelezo, hakuweza kutoka kwenye ukurasa wa ratiba kwenda kwenye orodha ya michezo, na majedwali ya matokeo yalikuwa hayasomeki. Kamati ilijitetea kwamba kazi hiyo ingemchukua mtu mmoja zaidi ya mwaka na kugharimu zaidi ya dola milioni mbili za Australia. Wataalamu walioitwa walisema kwamba kikundi kidogo cha watu wanaoijua kazi kingeimaliza kwa wiki nne. Mwezi Agosti 2000 tume iliamua kwamba Maguire alibaguliwa na kwamba tovuti irekebishwe kabla ya michezo kufunguliwa. Haikurekebishwa yote, na kamati ikaamriwa kumlipa dola 20,000. Mimi sina nia ya kumshitaki mtu. Ninachokiona hapo ni ile tofauti kati ya mwaka mzima na wiki nne, kwa sababu hata hapa Lubumbashi kila nikigusa jambo hili naambiwa kwanza kwamba ni kazi kubwa mno, na anayeniambia hajawahi kumuuliza fundi.

Kuhusu sheria nitasema machache. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kumlinda. Nchi yetu iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao katika kifungu cha 9 unaitaja intaneti kwa jina. Tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa Sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zetu. Na kwa upande wa ufundi, shirika la W3C, lililoanzishwa na Tim Berners-Lee, mtu aliyebuni mtandao wenyewe wa kurasa hizi (Web), limekuwa likitoa miongozo ya kurasa zinazosomeka na wote tangu mwaka 1999, toleo la karibuni likiwa la mwaka 2023. Kila mtu anaweza kuisoma bure. Karatasi, kwa hiyo, hazikosekani.

Nilivyoona mimi, vijana wanaotengeneza tovuti hapa hawana ubaya wowote. Wengi hawajawahi kuambiwa. Nimekaa na baadhi yao. Mmoja, aliyesomea ufundi wa kompyuta hapahapa mjini na ambaye kazi yake inapendwa, nilimwomba aweke kipanya kando, afungue tovuti aliyoitengeneza mwenyewe, na ajaribu kufika kwenye fomu ya mawasiliano kwa kitufe cha Tab peke yake. Alibonyeza, akabonyeza, alama ikapotelea ndani ya menyu na haikutoka tena. Alinyamaza, kisha akaniuliza ni wapi pa kuanzia. Kabla ya siku hiyo kwisha alikuwa ameshavipa vitufe vyake majina na amefungamanisha visanduku na maelezo yake, na hakuna rangi hata moja ya tovuti yake iliyobadilika. Kwa tovuti mpya kazi hiyo haiongezi chochote cha kuhesabika. Kwa tovuti ya zamani yenye kurasa nyingi ni ndefu kweli, na wenye ofisi wanapaswa kuwalipa vijana kwa ajili yake badala ya kutaka ifanywe kama msaada.

Ipo hoja nyingine isiyosemwa mbele yetu, ila masikio tunayo: kwamba vipofu wanaotumia intaneti hapa ni wachache, na si haki kuisumbua ofisi nzima kwa ajili yao. Ni kweli kwamba ninaowafahamu mimi ni wachache. Lakini wengi wameanza na kuacha, na nikiwauliza walichokiacha, hawataji kompyuta. Wanataja tovuti fulani iliyowashinda siku walipokuwa na haraka, au fomu iliyowapotezea kazi ya asubuhi nzima, au aibu ya kuomba kusomewa jambo la siri. Duka likijenga ngazi mlangoni halafu likasema kwamba halioni mteja mwenye kiti cha magurudumu, hakuna atakayeshangaa.

Kwa gazeti lenu maombi yangu ni haya. Herufi fr zibadilishwe ziwe sw. Ni neno moja katika kiolezo kimoja, na kurasa zote zitafuata. Ukurasa wenu wa matangazo ya vifo na nafasi za kazi, ambao kila wiki unawekwa kwenye tovuti kama picha ya gazeti lililochapwa, uwekwe kama maandishi, kwa kuwa kwa sasa ninapata habari za misiba ya majirani zangu baada ya maziko. Picha zinazopigwa na waandishi wenu wa habari zipewe maelezo ya maneno machache, hata kama ni «soko la Kenya baada ya mvua» tu. Na katika kisanduku cha kutuma barua kwa Mhariri, ule mtihani wa picha uondolewe au uongezewe njia nyingine. Barua hii imelazimika kupitia kwa barua pepe ya mtu mwingine kwa sababu hiyo.

Niko tayari kuja ofisini kwenu siku yoyote ya kazi, asubuhi kabla umeme haujakatwa, nikae na kijana anayeishughulikia tovuti yenu, asikie mwenyewe jinsi inavyosomwa na anionyeshe anayoyabadilisha hapohapo. Sihitaji kufuatwa wala kulipiwa usafiri. Kompyuta yoyote mliyo nayo itatosha ikiwa ina Windows 10 na spika zinazotoa sauti. Programu nitakuja nayo kwenye flashi.

Pokeeni heshima zangu, Bwana Mhariri, pamoja na waandishi wenu wote.

Msomaji wenu asiyeona,
Komini ya Katuba, Lubumbashi